Meza Tuliyoinunua Mnadani

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi habari za vyombo vya nyumba vilivyokwisha kutumiwa na watu wengine, yaani meza, viti, vitanda na makabati yauzwayo mnadani au mlangoni pa mtu ahamaye, na jinsi mtu awezavyo kuvitengeneza kwa mikono yake vikawa vyema tena. Sisi si maseremala. Sisi ni watu wa kazi nyingine: mmoja wetu hufundisha shule, mwenziwe ana biashara ndogo ya nazi na mchele, nasi tuna watoto wanne, shamba, kuku, na bibi yao watoto akaaye nasi. Na hiyo ndiyo sababu ya kuthubutu kusema. Fundi atakueleza vizuri namna ya kuponya kiti. Lakini hatakwambia ni saa ngapi utakiponya, wala mtoto mdogo atakuwa wapi wakati huo.

Habari yetu yaanzia Tanga. Katika nchi ile palikuwa na mashamba makubwa ya mkonge, na katika mashamba hayo nyumba za wasimamizi zilizopambwa kwa vyombo vya mbao ngumu. Mwaka 1967 serikali ya Tanzania ilitaifisha mengi ya mashamba hayo, na bei ya mkonge ilikuwa imekwisha kuanguka kwa sababu ya nyuzi za viwandani. Muuzaji wa mnadani alituambia ya kuwa meza yetu na viti vyake 6 vilitoka katika nyumba ya namna hiyo. Kama alisema kweli, au alikuwa akitafuta bei, Mungu ajua. Tuliloliona kwa macho yetu ni meza iliyopakwa rangi ya kijani juu ya rangi ya maziwa, na viti ambavyo mawambo yake yamekatika, kimoja kina miguu mitatu na cha nne kimefungwa juu yake kwa kamba. Watu walicheka. Nasi tukaipindua meza, tukakwaruza chini yake kwa ncha ya kisu, mahali pasipoonekana, tukaona mbao ya hudhurungi yenye kung'aa kama asali. Ilikuwa mvule.

Basi neno la kwanza tupendalo kuwaambia ni hilo la kupindua. Chombo cha mtumba hakitazamwi usoni, maana uso wake umekwisha kupakwa kwa ajili ya mnunuzi. Kipindue. Tazama viungo vyake: je, kimeungwa kwa ulimi ulioingia katika tundu, au kimepigiliwa misumari tu? Kiungo cha ulimi na tundu kikilegea chaweza kutiwa gundi tena kikakaa miaka mingine mingi. Kilichopigiliwa misumari hupasuka mbao, na kila msumari mpya huongeza ufa. Vuta mtoto wa meza utazame pembe zake. Kiinue chombo chote uone uzito wake. Siku hizi viko vyombo vingi vya mbao zilizotengenezwa kwa unga wa mbao na gundi, zikabanwa katika mashine, kisha zikabandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Hivyo vikipata maji huvimba kama mkate katika chai, wala havirudi tena. Usivinunue kwa kuvitengeneza, hata ukipewa kwa bei ya bure.

Kadhalika tazama matundu ya wadudu wapekechao mbao. Matundu peke yake si hoja. Huenda wadudu wake walikwisha kutoka zamani. Lakini ukipiga chombo kwa kiganja, na unga laini mweupe ukamwagika matunduni, ujue wenye nyumba wangalimo. Tena kwa kitanda, tazama zaidi ya vyote pale ambapo mfumbati huingia katika tendegu. Hapo ndipo maskani ya kunguni, na mayai yake ni meupe, madogo kuliko chembe ya mchele. Kitanda cha namna hiyo hakiingii ndani hata usiku mmoja. Kivunjwe nje, na kila kiungo kimwagiwe maji yanayochemka, kisha mawambo ya zamani yachomwe moto.

Meza yetu haikuwa na wadudu, ila ilikuwa na wanunuzi wajinga, ndio sisi. Tuliileta nyumbani kwa mkokoteni siku ya Jumamosi, na hata kufika Jumapili jioni tulikwisha kuivunja yote. Meza vipande, viti vyote 6 vipande, ndimi huku na matendegu kule, parafujo katika kopo moja na misumari katika lingine. Tulikuwa na furaha kubwa. Tuliona ya kuwa kazi iko mbele yetu, itakwisha kwa juma moja au mawili.

Jumatatu shule ilifunguliwa. Jumanne mtoto wa tatu akashikwa na homa. Juma lililofuata mvua za masika zikaanza, na shamba halimngoji mtu. Zile mbao zikawa zimelala ukumbini, tukiziruka kwenda jikoni, tukiziruka kurudi. Watoto waligeuza miguu ya viti kuwa bunduki na fimbo za kuchezea mpira. Meza yetu ya zamani tulikuwa tumekwisha kumpa jirani, kwa hiyo tukala mkekani siku zote hizo. Kula mkekani si aibu, ndiyo desturi yetu ya tangu zamani. Lakini madaftari 40 ya wanafunzi hayasahihishwi vizuri mkekani kwa taa, na mgongo ulilalamika. Mwezi wa pili ulipokwisha bibi yao watoto alisema, bila kuinua macho katika ukindu aliokuwa akisuka: “Wanangu, mkeka mimi naujua tangu kuzaliwa. Lakini hiyo maiti mliyoilaza ukumbini mtaizika lini?”

Tulicheka kwa kuwa hatukuwa na jibu. Usiku ule tulikaa tukafanya hesabu, na twapenda mwisikilize hesabu hiyo, kwa maana ndiyo iliyotuokoa. Tulijiuliza: katika kukitengeneza kiti kimoja, mikono ya mtu hufanya kazi saa ngapi? Tuliona ni saa 5, au labda 6. Na mengine yote ni nini? Mengine ni kungoja. Mbao iliyooshwa hungoja kukauka. Gundi hungoja siku nzima kushika. Vanishi ya mara ya kwanza hungoja kukauka kabla ya kupakwa ya pili. Na kungoja huko hakutaki mtu. Gundi hushika vile vile mtu akiwa darasani, au shambani, au amelala. Makosa yetu yalikuwa kutafuta siku nzima ya kufanya kazi, na siku nzima katika nyumba yenye watoto wanne haipatikani, ila katika sikukuu, na sikukuu ina kazi zake.

Basi tukafanya sheria tatu. Kwanza, kiti kimoja tu kwa wakati mmoja. Kile kisichomalizika hakimfungulii mwenzake. Vingine vyote tulivikusanya, kila kimoja kikafungwa kamba pamoja na mbao zake, vikatundikwa ukutani penye baraza. Pili, nusu saa kwa siku, tangu saa 11 na nusu mpaka kabla ya maghribi, wakati ambapo chakula kiko motoni na watoto wakubwa wamerudi. Siku isiyokuwa na nusu saa, isiwe na kazi, wala mtu asilaumiwe. Tatu, kila jioni tuiache kazi mahali ambapo yaweza kukaa hata mwezi bila kuharibika. Sheria hii ya tatu ndiyo ngumu, maana humlazimu mtu kuacha wakati mkono bado una hamu. Ukitia gundi ukaacha bila kubana, umeharibu. Ukiona zimebaki dakika 10 tu, usifungue kopo la gundi. Fagia, panga vyombo, uende ukaoge.

Meza tuliitanguliza, tukaiunga kabla ya kufanya lolote lingine, tukaila ikiwa na sura yake mbaya ya kijani. Tunasema “tukaila” kwa mzaha wa bibi, maana ndivyo alivyosema tulipoketi mara ya kwanza, ya kuwa tumekula meza baada ya kula mkeka.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo twalitaja bila mzaha. Rangi ya zamani. Zamani rangi nyingi zilitiwa risasi, madini ile ile ya kufanyia risasi za bunduki, kwa kuwa huifanya rangi kuwa nzito, kufunika vizuri na kudumu. Madhara yake yalijulikana mapema. Mwaka 1921 mkutano wa kimataifa wa kazi huko Geneva ulipatana kuzuia risasi nyeupe katika upakaji wa ndani ya majumba. Lakini nchi nyingi hazikufuata upesi, na risasi ikaendelea kutiwa katika rangi kwa miaka mingi sana baadaye. Mtu hawezi kuijua kwa kuitazama. Mtu mzima aivutaye mavumbi yake hudhurika, lakini mtoto hudhurika zaidi, maana risasi huingia katika ubongo unaokua ikaupunguzia akili, na shirika la afya la ulimwengu lasema ya kuwa hakuna kipimo kijulikanacho ambacho ni salama.

Hayo tuliyajua kwa kuchelewa kidogo. Jioni ya kwanza ya kiti cha kwanza tulikwaruza rangi kwa msasa mkavu hapo hapo barazani, vumbi la kijani likatanda sakafuni, nasi tukajisifu kwa bidii. Tulipogeuka, mtoto wetu mdogo, aliyekuwa na miaka 2, alikuwa ameketi katika vumbi lile, mikono ya kijani, na midomo ya kijani. Tulimwosha, tukampeleka kwa daktari kesho yake. Daktari alituuliza maswali mengi, akachukua damu, akatutuma nyumbani tukangoje habari. Siku zile za kungoja hatukugusa kiti, wala hatukukitazama. Habari zilipokuja zilikuwa njema. Lakini twawaambia kweli, kila tulipomwona akisahau jina la kitu, kama watoto wote wasahauvyo, mioyo yetu ilishtuka, na mara nyingine hata sasa hushtuka.

Tangu siku hiyo kazi ya kutoa rangi hufanywa hivi. Hufanywa nje, mbali na kisima na mbali na bustani ya mboga, watoto wakiwa ndani na bibi. Chini hutandikwa karatasi nyingi za magazeti au turubai. Hatutumii msasa mkavu kabisa, bali msasa wa maji, nao hulowanishwa kila mara, hata rangi hutoka kama tope wala si kama vumbi. Hatuichomi rangi kwa moto, maana moshi wake ni mbaya kuliko vumbi. Tope lile hukusanywa pamoja na karatasi zake, hufungwa, hutupwa mahali pasipofikiwa na kuku wala mtoto. Kisha mfanya kazi huvua nguo, huoga, ndipo ashike mtoto. Kazi hii ni ya kuchosha, nayo hula jioni 3 au 4 kwa kila kiti. Na mtu akiuliza kama yafaa kufanywa katika chumba kimoja mnamolala watu wote, jibu letu ni kuwa haifai hata kidogo. Na asi na uwanja, afadhali aiache rangi ya zamani mahali pake kama haibanduki, aifunike kwa rangi mpya, au anunue chombo kisichopakwa.

Rangi ikiisha, viungo. Katika vyombo vya zamani sana gundi iliyotumika ilichemshwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, nayo ina tabia njema: ukiitilia maji ya moto hulainika, kiungo kikaachia bila kuvunjwa. Ya siku hizi, ile nyeupe, hushika kwa nguvu, lakini haishiki juu ya gundi nyingine. Kwa hiyo ulimi na tundu lake sharti vikwaruzwe mpaka mbao ionekane. Fundi mmoja wa zamani, ambaye hatumjui, alikuwa amekitilia kiti kimoja misumari 9 mahali pa gundi. Kuitoa misumari ile bila kupasua mbao kulitwaa jioni mbili nzima, na katika jioni hizo alitajwa mara nyingi. Kubana nako kulitutia mashaka, maana jiliwa hatuna. Jirani mmoja, mzee aliyewahi kufanya kazi ya kuunda mashua, alitufundisha. Alizungusha kamba mara mbili katika miguu yote minne, akachomeka kijiti katikati ya kamba, akakisokota mpaka kamba ikalia, akakifunga kijiti kisizunguke nyuma. “Mwalimu,” alisema, “ubao hauna haja ya chuma. Wataka kushikwa tu, usiku mmoja.”

Mvule wenyewe ni mbao nzuri ya kushughulika nayo, ila ina mambo mawili. Ndani yake mara nyingine mna vijiwe vigumu vya chokaa, navyo huvunja makali ya randa. Ukisikia mlio wa chuma juu ya jiwe, simama. La pili ni vumbi lake, ambalo humwasha mtu ngozi na kumziba pumzi. Wataalamu wa maradhi ya saratani walitangaza mwaka 1995 ya kuwa vumbi la mbao kwa jumla laweza kumletea mtu saratani akilivuta kwa miaka mingi, hasa ya pua. Mtu wa viti 6 si kama seremala wa kila siku, lakini kitambaa puani hakimgharimu kitu.

Katika kulainisha mbao, sasa yenyewe haina rangi, twaanza na msasa namba 80, twafuata namba 120, twamaliza kwa 220, siku zote kwa kufuata mwendo wa nyuzi za mbao. Ukikata nyuzi kwa upande, mikwaruzo haitaonekana leo. Itaonekana siku utakapopaka vanishi, nawe huna tena la kufanya. Wanafunzi watusikilizao wapenda maneno watafurahi kujua ya kuwa neno msasa lenyewe ni jina la mti. Mti huo ni wa jamaa ya mkuyu, na majani yake yana ukali kama ulimi wa paka. Wazee waliyatumia kusugulia mbao na vyombo kabla ya kuja karatasi yenye mchanga, na karatasi ilipokuja ikarithi jina la jani. Tulimtuma mtoto wetu mkubwa ayatafute majani hayo, tukajaribu katika mguu wa kiti. Yafanya kazi, ingawa yachakaa upesi.

Mtoto huyo huyo ndiye aliyeuliza vanishi yatoka wapi. Ya kopo letu yatoka kiwandani, lakini tulimwambia habari ambayo yapasa watu wa pwani kuijua. Zamani vanishi bora za Ulaya na Marekani zilipikwa kwa sandarusi, yaani utomvu wa mti uitwao msandarusi uliogeuka kuwa mgumu kama kioo; na iliyosifiwa kuliko nyingine ni ile iliyokaa ardhini miaka mingi mno, ikachimbwa huku kwetu Mrima, ikauzwa kwa jina la sandarusi ya Unguja. Ikisafishwa, uso wake huwa na vipele vidogo vidogo kama ngozi ya bata aliyenyonyolewa. Mwaka 1833 Sayyid Said alipatana na Marekani mapatano ya biashara, na mwaka 1837 balozi mdogo wao wa kwanza, Richard Waters, mtu wa mji wa Salem, akakaa Unguja. Majahazi ya Salem yalileta nguo za pamba ambazo mpaka leo twaziita merikani, yakarudi na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Huko iliyeyushwa, ikachanganywa na mafuta ya kitani na tapentaini, ikapakwa juu ya magari ya farasi na meza za matajiri. Mtoto alifikiri kidogo, akasema, “Basi walichukua kung'aa kwetu, wakatupa shuka.” Hatukumsahihisha.

Mafuta ya kitani nayo ndiyo yaliyotupa hofu yetu ya pili. Kabla ya vanishi, tulipaka mafuta hayo katika mbao kwa vitambaa, tukayafuta, tukavisonga vitambaa vyote katika kikapu cha makumbi chini ya banda la makuti, kwa sababu adhana ilikuwa imekwisha kulia. Hatukujua ya kuwa mafuta haya hayakauki kama maji yakaukavyo. Hayo huungana na hewa, na katika kuungana hutoa joto. Kitambaa kikitandazwa, joto hupotea. Kikisongwa pamoja na vingine, joto halina pa kutokea. Huzidi na kuzidi, mpaka vitambaa vinawaka vyenyewe, bila kiberiti wala kaa la moto. Tulikuwa katika kula, mtoto wa jirani akabisha hodi. Ana adabu sana mtoto yule. Aliamkia “Shikamooni,” akangoja aitikiwe na kila mtu, na bibi wa mwisho kabisa, ndipo aliposema kwa upole, “Mama amesema niwaambie kikapu chenu chatoa moshi.”

Kikapu kilikuwa kimekwisha kuwa cheusi katikati. Ndoo 2 za maji zilitosha. Makuti ya banda yalikuwa juu yake kwa kimo cha mtu mmoja tu, na upande wa pili wa ukuta ndipo walalapo watoto. Sasa kitambaa chochote chenye mafuta hayo hutandazwa kimoja kimoja juu ya kamba uwanjani mpaka kikauke kikawa kigumu, au huzamishwa katika kopo la maji lenye kifuniko. Na hili huhesabiwa ndani ya ile nusu saa. Lisipokuwa na nafasi, mafuta hayafunguliwi.

Vanishi haina maneno mengi. Ipakwe nyembamba, mara 3, na kati ya mara na mara isuguliwe kidogo kwa msasa wa namba 220 na kufutwa vumbi. Pwani, katika masika, hewa ina maji mengi nayo hukawia kukauka, hunata, hushika nywele za paka na alama za vidole. Afadhali kungoja kaskazi, miezi ya Desemba mpaka Februari. Tulipaka kiti cha pili katika masika kwa kukosa subira, na ukikikalia siku ya joto hata leo hukusindikiza kidogo unapoinuka.

Mawambo ya viti yalikuwa kazi ya bibi. Sisi tulifikiri kununua vitambaa na kupigilia, naye alitutazama tu. Alisokota kamba za ukindu, akawamba kiti cha kwanza kwa siku tatu kama wawambavyo kitanda, akivuta kila uzi mpaka ukatoa sauti. Kiti cha pili alimwita binti yetu wa miaka 11 aketi karibu naye. Cha tatu binti aliwamba nusu. Cha nne aliwamba chote, bibi akakikagua, akafumua safu mbili, akamrudishia. Tulidhani twampunguzia mzee kazi kwa kutaka vitambaa. Watoto wengine nao walipewa sehemu isiyo na vumbi wala mafuta: kupanga parafujo kwa urefu, kushika kamba ya kubania, na mwisho kusugua nta ya nyuki kwa kitambaa kikavu, ambayo ndiyo kazi waipendayo, maana mbao hung'aa mbele ya macho yao.

Kiti cha kwanza kilitwaa jioni 14. Cha tano kilitwaa 9. Katikati zilipita jioni nyingi zisizo na kazi yoyote, za homa, za arusi, za mitihani, na mwezi mzima wa Ramadhani. Tangu mnadani mpaka kiti cha tano ulipita mwaka mmoja na miezi miwili. Mtu akituuliza kama ilikuwa rahisi kuliko kununua mpya, twamjibu ya kuwa kwa fedha ndiyo, kwa wakati sivyo, na kila mmoja ajua kipi kati ya hivyo viwili anacho zaidi. Yuko rafiki yetu, mama wa watoto sita anayefanya kazi usiku, ambaye tulimshauri wazi wazi asianze.

Meza tuliimaliza katika likizo ya Desemba, nje, chini ya mwembe. Rangi ya kijani ilipotoka tuliona chini yake alama ya mviringo, nyeusi, ya sufuria ya moto iliyowekwa na mtu miaka mingi iliyopita. Tulisugua jioni mbili, ikapungua, haikutoka. Bibi akatwambia tuiache, akaichagua iwe mahali pake pa kuweka kikombe.

Kiti cha sita, kile cha miguu mitatu, kingali kimetundikwa ukutani penye baraza. Mguu wake wa nne umepasuka kwa urefu, wataka kuchongwa mpya, na kipande cha mvule cha kutosha hatujakipata. Yule mzee wa mashua amesema anacho kimoja nyumbani kwake, atakitafuta.